Kuuza boti yako mwenyewe: namna ya kupokea malipo bila kupoteza fedha wala chombo

Gari likiuzwa kwa hila, mwenye mali bado ana tumaini, kwa kuwa lina namba zinazosomeka kwa mbali na barabarani wapo polisi wanaoweza kulisimamisha. Boti haiko hivyo. Ikiondoka Sahare au Kigombe, pwani ya Tanga, asubuhi ikiwa na injini nzima na mafuta ya kutosha, kabla ya jua kuchwa inaweza kuwa Pemba, au imevuka mpaka na kuingia Shimoni, Kenya, na baada ya wiki moja imepakwa rangi nyingine huku injini yake ikisukuma chombo kingine kabisa. Ndiyo maana muuzaji wa boti hana nafasi ya kusahihisha kosa la malipo baada ya chombo kuondoka, na tahadhari zake zote hana budi kuzichukua mapema. Mwongozo huu ni kwa mtu anayeuza chombo chake mwenyewe, bila dalali wala kampuni, katika pwani ya Tanzania.

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao hadi mwisho: boti ya faiba ya futi 24 pamoja na injini ya nguvu za farasi 40, ambayo wewe na mnunuzi mmekubaliana iuzwe kwa shilingi 18,000,000. Kabla ya kitu kingine chochote, elewa kwamba malipo ni fedha iliyokwisha kuingia katika akaunti yako na ambayo wewe mwenyewe umeithibitisha kwa benki yako. Ujumbe katika simu ya mnunuzi, picha ya risiti, hundi yenye saini nzuri, hata kiapo mbele ya wazee wa mtaa, hivyo vyote ni habari za malipo tu, na habari inaweza kuwa ya kweli au ya uongo.

Kaunta ya benki

Kwa mauzo ya kiasi hiki, njia ninayoipendekeza kuliko zote ni wewe na mnunuzi kwenda pamoja kwenye tawi la benki yako, naye akaweka fedha moja kwa moja katika akaunti yako mkiwa mmesimama wote wawili dirishani. Noti yetu kubwa kuliko zote ni ya shilingi 10,000, kwa hiyo milioni 18 ni noti 1,800, yaani vibunda 18 vya noti mia mia. Hakuna mtu anayeweza kuhesabu noti hizo kwa uhakika ufukweni, huku upepo unavuma, watu wamezunguka na mnunuzi anasema ana haraka. Karani wa benki ana mashine ya kuhesabia na anazijua noti bandia. Ikipatikana noti mbovu, hasara inakuwa ya aliyeileta, si yako. Zaidi ya hayo, fedha haitembei barabarani ikiwa mikononi mwako. Wapo watu waliouza vyombo vyao kwa haki kabisa kisha wakaporwa njiani kurudi nyumbani, kwa sababu ufuko mzima ulikuwa umekwisha kujua kwamba siku hiyo wamebeba fedha.

Chagua siku ya kazi, tena asubuhi. Usikubali Ijumaa jioni wala siku ya kuamkia sikukuu, kwa maana tatizo likitokea utakaa siku mbili au tatu bila mtu wa kumuuliza, na matapeli wanaijua kalenda hiyo vizuri. Nenda na kitambulisho chako na nakala ya mkataba wa mauziano, kwa kuwa Sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu ya mwaka 2006 inazitaka benki zijue fedha nyingi zimetoka wapi, na karani akikuuliza hakutuhumu, anatimiza wajibu wake. Fedha ikishawekwa, usitosheke na stakabadhi ya kuwekea peke yake. Omba uelezwe salio linaloweza kutolewa saa ile ile, au uchapishiwe taarifa fupi ya akaunti inayoonyesha kiasi hicho.

Mnunuzi asiyetaka kubeba fedha taslimu anaweza kuhamisha kutoka benki yake kwenda yako. Kwa kiasi kikubwa, mwombe atumie TISS, mfumo wa malipo wa Benki Kuu ya Tanzania ulioanza mwaka 2004, ambao huhamisha fedha kutoka benki hadi benki katika saa za kazi, na muamala ukishakamilika aliyetuma hawezi kuurudisha kwa matakwa yake. Hata hivyo, fomu ya TISS yenye mhuri ambayo mnunuzi anakuonyesha inathibitisha tu kwamba alijaza fomu. Subiri hadi benki yako iseme kwamba fedha imefika. Angalia pia jina la akaunti iliyotuma: likiwa si la mnunuzi uliyekubaliana naye, simamisha biashara hadi upate maelezo ya maandishi. Fedha inayotoka kwa mtu wa tatu usiyemjua inaweza kuwa imeibwa kwake, na siku mwenyewe atakapolalamika, akaunti itakayozuiwa ni yako.

Simu na ujumbe wa uongo

Fedha za simu zimeturahisishia maisha, lakini kwa bei ya boti zina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni wa kiasi: laini moja ina kikomo cha kupokea na kuhifadhi, hivyo milioni 18 zitalazimika kugawanywa vipande vipande, na katika vipande hivyo ndimo hesabu hupotea. Mpaka wa pili ni kwamba ujumbe wa kughushi unatengenezwa kwa urahisi. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe wa uongo wa malipo ni ndugu yake. Unaonyesha kiasi, jina, saa na namba ya muamala, sawasawa na ule wa kweli, ila umeandikwa na mtu.

Kwa hiyo, ukikubali kupokea sehemu ya malipo kwa simu, usiusome ujumbe ukaishia hapo. Piga mwenyewe menyu ya huduma yako, *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, kisha uangalie salio. Kama salio halijaongezeka, hujalipwa, hata kama mnunuzi ameapa na wenzake wameapa pamoja naye. Usimpe mtu yeyote simu yako "akusaidie kuangalia", na usimtajie mtu namba ya siri wala namba za uthibitisho zinazotumwa na benki, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki au wa kampuni ya simu. Kumpa mnunuzi namba ya akaunti na jina lako hakuna ubaya, kwani bila hivyo hawezi kulipa. Akitaka zaidi ya hapo ndipo uulize sababu. Ukilazimika kumpa nakala ya kitambulisho cha NIDA, andika juu yake kwa kalamu kwamba imetolewa kwa ajili ya mauziano ya boti fulani tarehe fulani, ili isije ikasajili laini ya simu kwa jina lako. Unaweza kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwa kupiga *106#, na ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka kwenda 15040.

Kuna hila nyingine inayohusu marejesho. Mnunuzi anatuma fedha kweli, unaiona, unamkabidhi boti, kisha anapiga simu kwa mtoa huduma kudai kwamba alikosea namba. Kiasi hicho kinaweza kuzuiwa wakati madai yanachunguzwa, na wewe ndiye utakayetakiwa kueleza. Kinga yake ni mkataba uliosainiwa unaotaja namba ya simu iliyolipa, namba iliyopokea na kumbukumbu ya muamala.

Kuhusu hundi nitasema machache: usiikubali, isipokuwa uko tayari kubaki na boti yako hadi benki ikuthibitishie kwamba fedha imeiva na inaweza kutolewa. Ikitokea mnunuzi yuko ng'ambo, hajaiona boti, hajauliza hali ya injini wala mkuku, lakini yuko tayari kulipa zaidi ya bei ili wewe "umlipe msafirishaji" kwa kile kinachozidi, mwache. Fedha yake itabainika kuwa hewa baada ya wewe kutuma ya kwako iliyo halisi. Tena, tangu kanuni zilizotangazwa Machi 2025, kutoza au kulipa bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni kumekatazwa, kwa hiyo taja bei kwa shilingi na uiandike kwa shilingi katika mkataba.

Arbuni, mali kauli na mkataba

Mnunuzi wa kweli huwa hasiti kutoa kitu cha kuonyesha nia. Arbuni ya sehemu moja ya kumi, katika mfano wetu shilingi 1,800,000, inatosha kumfungia chombo kwa muda mliokubaliana, tuseme siku saba. Iandikieni karatasi siku hiyo hiyo inayosema itakuwaje mnunuzi akighairi na itakuwaje wewe ukighairi, maana ugomvi mwingi wa arbuni hutokana na kila upande kudhani jambo lake. Mwende majaribio ya baharini baada ya arbuni, si kabla, na nahodha awe wako. Usimkabidhi mtu boti "akaijaribu kidogo" na kukuachia pikipiki kama dhamana.

Sehemu inayohitaji moyo mgumu zaidi ni mali kauli. Katika vijiji vyetu vya uvuvi, mtu huuziwa boti kwa neno lake, akaahidi kulipa kidogo kidogo kutokana na mauzo ya samaki. Desturi hii imewainua vijana wengi na siidharau. Lakini bahari haitoi mshahara: kusi ikichafuka, wiki zinapita bila safari, na mnunuzi mwaminifu anageuka kuwa mdaiwa anayekukwepa sokoni. Ikiwa umeamua kuuza kwa awamu, kubali kwamba umekuwa mkopeshaji na ujilinde kama mkopeshaji. Pokea angalau nusu kabla ya makabidhiano, andika tarehe na kiasi cha kila awamu, taja mdhamini mwenye mali inayojulikana, na ubaki na nyaraka za chombo hadi awamu ya mwisho.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inaruhusu umiliki uhame wakati ambao pande mbili zimekusudia uhame. Hilo ni silaha yako, usiiache. Mkataba uwe na sentensi ya namna hii: "Umiliki wa boti na injini utahamia kwa mnunuzi pale tu muuzaji atakapothibitisha kwa saini yake kwamba fedha yote, shilingi milioni kumi na nane, imeingia katika akaunti yake." Andika urefu wa boti, rangi, namba ya usajili, na namba ya injini kama ilivyo kwenye kibati chake. Ongeza vifaa vinavyokwenda pamoja nayo: nanga, tangi la mafuta, maboya. Saini zishuhudiwe na watu wawili wa kila upande, na kwa kiasi kama hiki ada ya wakili mwenye mhuri ni ndogo ukilinganisha na hasara inayoizuia.

Siku ya makabidhiano

Injini ndiyo roho ya bei, na wanaume wawili huibeba begani. Asubuhi ya malipo, boti iwe imeegeshwa, injini iwe imefunguliwa na kufungiwa ghalani kwako, na nyaraka ziwe mahali tofauti: hati ya usajili, leseni, risiti ya kununulia injini. Mnaanzia benki. Fedha ikithibitika, mnasaini fungu la mkataba linalosema malipo yamekamilika, mkiandika saa. Kisha mnakwenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na, kwa vyombo vilivyosajiliwa huko, TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini Tanzania Bara), au kwa upande wa Zanzibar katika Mamlaka ya Usafiri Baharini, kutoa taarifa ya maandishi kwamba chombo kimebadili mwenyewe. Usiiruke hatua hii kwa sababu umeshalipwa. Boti ikikamatwa na baruti za kuvulia samaki, jina litakalosomwa ni lile lililo kwenye kumbukumbu. Mwishoni kabisa ndipo injini inatoka ghalani.

Jiandae pia kwa shinikizo la maji. Mnunuzi atakuambia kwamba maji yanakupwa, mabaharia wake wanangoja, na benki imechelewesha tu lakini fedha iko njiani. Huenda anasema kweli. Mjibu kwa upole kwamba maji yatajaa tena baada ya saa kumi na mbili na dakika zake, mpe yeye na watu wake mahali pa kupumzika na chai, na funguo za ghala zibaki mfukoni mwako hadi benki yako iseme fedha imeingia.