Somo: Kutoa na kukaza tije za pampu ya mkono (na za kisima cha mafuta)

Jambo wote. Kijana mmoja wa politekniki aliniuliza: "Papa fundi, mwalimu anasema visima vya mafuta vinavutwa na sakarodi. Hapa Lubumbashi nitaziona wapi?" Nikamwambia aje Ruashi Jumamosi na nguo za kuchafuka. Kulikuwa na pampu ya mkono imekufa, akina mama wanavuka barabara na bidoni (madumu) kutafuta foraji nyingine, yaani kisima kingine kilichotobolewa. Mafuta ya nchi yetu yanatoka Muanda, kule kwenye bahari, lakini tije ya Muanda, ndiyo hiyo sakarodi, na ya Ruashi ni ndugu.

Kwanza mjue kazi yake. Mafuta yakikosa nguvu ya kupanda yenyewe, chini ya kisima huwekwa silinda yenye pistoni na klape (vali) mbili: moja inatembea na pistoni, nyingine imekaa chini. Juu kuna mota inayotikisa boriti. Kati ya boriti na pistoni kuna tije, yaani vyuma vyembamba vilivyoungana kwa manshoni (viungo vya skrubu), kila kimoja kwa kawaida mita 7.62. Kisima cha mita 1,500 kinakula tije 197 hivi. Pampu yetu, India Mark II, iliyoanza India miaka ya 1970, ina tije za mita 3, unene milimita 12. Foraji ya mita 30 ni tije 10. Basi.

Tazameni pia mnyororo ulio ndani ya kichwa cha pampu. Unapita juu ya chuma kilichopinda kama upinde, ili tije ipande wima bila kuyumba. Kwenye boriti ya mafuta kile kipande cha mbele, wanachokiita kichwa cha farasi, kinafanya hivyohivyo kwa kamba za chuma. Na pande zote mbili tije inavuta tu, haisukumi. Inashuka kwa uzito wake. Ukiilazimisha kusukuma, itajikunja ndani ya tiyo (bomba) kama mlenda kwenye kijiko.

Hatua ya 1: sikiliza mkono wa pampu kabla ya kufungua. Mkono ukiwa mwepesi ghafla, unaruka na hakuna maji, tije imekatika au imefunguka. Maji yakiwa mita 30 chini, mzigo wake juu ya pistoni ni karibu kilo 95, na tije zenyewe kilo 27. Ukikosa uzito huo mkononi utaujua. Mkono ukiwa wa kawaida lakini asubuhi unapiga mara nyingi kabla ya tone la kwanza, usilaumu tije. Hapo ni klape ya chini au tiyo inayovuja.

Hatua ya 2: tandika bashi (turubai). Msicheke. Hatua hii inaokoa pampu kuliko kle (spana) zote. Tije isiguse mchanga. Andaa kle mbili za mdomo wazi, kle mbili za tiyo, kibano cha tiyo na cha tije, brashi ya waya, kitambaa, mafuta kidogo, chaki, na watu watano wenye mgongo mzima.

Hatua ya 3: toa. Fungua kifuniko, bana tije isianguke, ndipo ufungue mnyororo, kisha mkono, kisha kichwa. Kwa Mark II tiyo na tije zinatoka pamoja: inua mita 3, bana, fungua tiyo, fungua tije, laza kwenye bashi. Andika namba kwa chaki, 1 ni ya juu. Mtu mmoja kazi yake iwe kuhesabu tu, asiitwe kushika kitu kingine.

Hatua ya 4: soma tije. Hapa kijana alitaka kukimbia. Nikamkalisha. Tije ya 4 ilikuwa inang'aa upande mmoja, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga: ilikuwa imepinda na inalamba tiyo. Ya 6 ilikatika. Wapi? Pale pale inapoingia kwenye manshoni. Nimefungua pampu nyingi, na tije iliyokatika katikati sijaizoea. Inakatika kwenye kiungo.

Sababu ni hii. Chuma hakiuawi na uzito wa siku moja. Boriti ya mafuta ikipiga mara 8 kwa dakika, ni mara 11,520 kwa siku, zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Kila pigo tije inabebeshwa mzigo, kisha inatuliwa. Tena inarefuka: kwenye kisima cha mita 1,500, tije za unene wa inchi 7/8 na pistoni ya inchi 2, mzigo wa mafuta peke yake unaweza kuzivuta karibu nusu mita kabla pistoni haijaanza kupanda. Kiungo kikiwa kimelegea hata unywele, kinafunguka na kufunga kila pigo, na mateso yote yanaangukia uzi wa kwanza wa skrubu. Hapo ufa unazaliwa. Kutu na alama ya nyundo vinausaidia.

Hatua ya 5: silinda. Badilisha ngozi za pistoni, safisha klape, mwaga maji ndani uone kama klape ya chini inashika. Haina siri.

Hatua ya 6: kukaza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifunga tije nikiwa na haraka, mvua inakuja, chembe za mchanga kwenye uzi. Kle ilikataa kuzunguka nikadhani imekaza. Ilikuwa imekaza mchanga. Wiki tatu baadaye kartiye nzima ilinifuata nyumbani.

Kwa hiyo: brashi kwanza, kitambaa, tone la mafuta. Zungusha kwa mkono mpaka ifike mwisho yenyewe. Ikikataa njiani, fungua, usilete kle. Ikifika, piga mstari wa chaki kutoka kwenye tije hadi kwenye manshoni. Sasa leta kle mbili, moja ishike, moja ivute, mpaka mistari iachane kidogo. Ujanja huu ni wa watu wa mafuta: wao huchora mstari kama huo, kisha hupima kwa kadi milimita ngapi manshoni imesogea, kwa maana nguvu ya mkono inadanganya.

Hatua ya 7: urefu. Tije ya juu hukatwa ili pistoni isigonge chini wala juu. Pima mara mbili. Wenzetu wa mafuta hurekebisha kwa tije fupi, na juu kabisa wana tije laini iliyosuguliwa inayopita kwenye presetupu (kizibo kinachoibana pande zote), mafuta yasimwagike.

Rudisha kichwa, tia klorini, piga maji ya kumwaga mpaka harufu iishe. Pigo moja la Mark II ni kama lita 0.4, kwa hiyo bidoni ya lita 20 ni mapigo 50. Ikifika 80, kuna kinachovuja.

MASWALI

*Mama wa Katuba:* Papa, jambo. Ku yetu pompe inatoa mayi muzuri asubui, kisha saa sita inakatala. Ni tije ao ni nini?

*Jibu:* Jambo mama. Siyo tije. Mnavuta kuliko foraji inavyojaza, maji yanashuka chini ya silinda. Ipumzisheni saa moja mjaribu. Kwenye mafuta jambo hilo ni hatari zaidi: silinda ikijaa nusu, pistoni inashuka hewani kisha inagonga mafuta kwa kishindo kinachopanda tije zote. Ndiyo maana visima vingi vina kifaa kinachozima mota ili kisima kijaze kwanza. Nyinyi wekeni saa za kufunga.

*Mwanafunzi, Kampemba:* Mbona tije za mafuta hazilingani unene?

*Jibu:* Ya juu inabeba wenzake wote. Mita 1,500 za inchi 7/8 ni karibu tani 5 kabla ya kuhesabu mafuta. Ndiyo maana huweka nene juu, nyembamba chini. Ukiweka nene kote, unaongeza mzigo kwa ile ya juu kabisa.

*Kaka wa Kipushi:* Tije imekatika, naweza kusudire (kuichomelea)?

*Jibu:* Hapana, kaka. Itashika, kisha itakatika kando ya sudire, pale moto ulipobadilisha chuma. Utaniambia manshoni nyingine zimesudiwa kiwandani. Ndiyo, kwa mashine inayozinyoosha katika mstari mmoja, siyo chini ya mwembe. Nunua mpya.

*Kijana wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, siyo nchi):* Papa, pampu yetu ni ile ya tiyo pana, tije zinatoka peke yake. Ziliingia 10, zimetoka 6 na kipande cha ya 7.

*Jibu:* Zilizobaki ziko chini na pistoni. Usiangushe ndoano ya kujitengenezea, utaziba tiyo. Tafuta chombo cha kuvulia kinachobana tije kwa nje. Lakini kwanza angalia uso wa mkatiko. Ukoje?

*Kijana wa Kenya:* Sehemu kubwa laini, na mistari kama ganda la konokono. Pembeni kidogo iko kama sukari.

*Jibu:* Ile laini ni ufa uliotembea polepole miezi mingi. Ile ya sukari ni siku ya mwisho. Nani alikaza kiungo hicho?

*Kijana wa Kenya:* Ni miye, papa.

*Jibu:* Jumamosi saa mbili. Leta bashi.