Jinja: tembea ukiangalia juu

Ukipita Jinja, Uganda, kwenda kuona chanzo cha Nile, jipe saa mbili za kutembea mjini kwa miguu. Shuka boda mwanzo wa Main Street asubuhi, kabla jua halijawa kali, kisha pita upande mmoja huku ukitazama majengo ya upande wa pili. Usiangalie mabango ya simu na duka la dawa, inua macho juu yake. Pale kwenye paji la ukuta, majengo mengi yana mwaka yalipojengwa, na mengine yana jina la mwenyewe, vyote vimechongwa kwa saruji. Utaona pia nguzo za duara, maua, matao, na rangi ya njano iliyobanduka ikaonyesha buluu ya zamani chini yake.

Ni kazi ya wafanyabiashara wa Kihindi waliostawi hapa enzi za pamba na reli. Duka mbele, familia nyuma au ghorofani. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza, nyumba zikabaki na majina yao. Kwa kweli inauma kuyasoma.

Vibaraza vina kivuli, kwa hiyo hata watoto watatembea vizuri. Ukitaka kuona ua wa nyuma, msalimie mwenye duka kwanza, nunua hata maji, ndipo uombe. Wazee wanaokaa barazani waulize jengo lilikuwa la nani. Na ingia pia mitaa ya pembeni, kwani huko nakshi nyingi bado hazijafunikwa na mabango.