Somo: Kuvua samoni kwa majigi ya zamani ya risasi

Mimi ni mtoto wa Pemba, nimekulia kwenye mshipi wa mkono, chubwi na ndoano. Nilipohamia Puget Sound, ghuba ya jimbo la Washington huko Marekani, nilidhani uvuvi wa huku ni wa mashine tu: boti inaburura chambo, uzito unashushwa kwa waya, mvuvi anasubiri. Kisha jirani yangu, mzee mstaafu, akaniwekea kiganjani kipande cha madini ya risasi chenye umbo la samaki mdogo, rangi imebanduka nusu. Nikakipima kwa mkono, nikaelewa. Ni mshipi ule ule wa baba, ila hapa chubwi ndiyo chambo, na huitwa jigi.

Hatua ya kwanza: lijue jigi lako

Buzz Bomb, la kutoka British Columbia huko Kanada, lina pande kali kama almasi na tundu katikati. Mshipi unapita ndani ya tundu hilo, kwa hiyo samoni akinasa, risasi inateleza juu na kumwacha na ndoano peke yake. Hapati uzito wa kuutikisa ili aitapike ndoano. Point Wilson Dart limepewa jina la rasi yenye mnara wa taa pale Port Townsend. Hilo ni bapa na limeundwa kufanana na samaki wadogo wanaoliwa na samoni: moja limenenepa kama heringi, jingine jembamba. Ukilitazama ubavuni utaona aliyelichonga alimjua samaki yule vizuri.

Hatua ya pili: safisha, basi

Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa meno vinatosha. Usipige msasa. Vumbi la risasi ni sumu, na sumu hiyo huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Nawa mikono kabla ya kula, wala usilishike jigi kwa meno unapofunga fundo. Alama za meno ya samaki ziache. Mimi sijaona samoni aliyekataa jigi kwa sababu ya mikwaruzo.

Hatua ya tatu: badilisha ndoano

Majigi mengi ya zamani yana ndoano ya meno matatu iliyokwisha kula kutu. Iondoe. Kwa samoni wa bahari ya Puget Sound, sheria inataka ndoano ya ncha moja isiyo na kijino cha kuizuia kuchomoka. Weka ndoano moja yenye shina refu, ibane kijino kwa koleo, kisha inoe hadi ncha ikwame kwenye ukucha badala ya kuteleza. Kanuni hubadilika kila msimu na kila eneo, kwa hiyo zisome kabla hujashusha boti.

Hatua ya nne: tafuta dagaa kwanza

Dagaa wa huku ni heringi, pamoja na samaki mwembamba kama sindano anayejizika mchangani. Ndege wakipiga mbizi pahala pamoja, nenda, lakini zima injini kabla ya kuwafikia. Mimi napenda saa ile maji yanapokaribia kusimama, kabla ya kujaa au kupwa upya, kwa sababu mshipi unashuka wima. Mkondo ukiwa mkali jigi linaburuzwa mbali na unapoteza kila kitu nitakachosema sasa.

Hatua ya tano: kuanguka

Hapa ndipo penye somo lote. Wageni hudhani samoni anavutiwa na jigi linapopanda. Mara nyingi analichukua linaposhuka, kwa sababu heringi aliyejeruhiwa hushuka hivyo: anapepesuka, anametameta, anajaribu kuinuka, anashindwa. Risasi ya zamani iliyochongwa vizuri inaigiza kifo hicho, na ndiyo maana bado nayatafuta majigi haya kwa watu wanaouza vitu vyao vya zamani uani.

Shusha hadi kimo cha dagaa. Inua fimbo taratibu kiasi cha hatua moja ya mtu mzima, kisha irudishe chini ukilifuata jigi. Usiuachie mshipi ulegee kabisa, hutasikia kitu. Usiukaze, jigi litashuka kama jiwe. Uache uwe kama kamba ya mbuzi anayekufuata kwa hiari: upo, lakini hauvuti. Mshipi ukisimama kabla ya wakati wake, au ukienda kando, inua papo hapo. Usingoje kuvutwa. Mimi nilipoteza msimu mzima kwa kungoja, kwa sababu changu wa kwetu alinizoesha kugongwa kwanza.

Hatua ya sita

Ukishamnasa, usilegeze hata kidogo. Ndoano haina kijino, kinachomshika ni mkazo wa mshipi tu.

Maswali ya wanachama

*Mwana wa Kent: Shikamoo mzee. Buzz Bomb linanisokota mshipi hadi unakuwa fundo tupu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Weka kiungo kinachozunguka kati ya mshipi mkuu na kipande cha mwisho, kama mita moja juu ya jigi. Usikifunge kwenye jigi lenyewe, lazima liteleze. Na kile kipira kidogo cha chini usikitupe, kinalinda fundo lisipondwe na risasi.

*Bi. Saada: Rangi ipi ni bora?*

Dada yangu, nina la kijani na jeupe ninalolipenda, lakini likianguka vibaya rangi haitaliokoa. Anza na umbo linalofanana na dagaa waliopo.

*Nahodha Likoni: Kaka, huku Mombasa litafaa?*

Litafaa sana kwa kolekole. Nguru naye atalipiga, ila meno yake yatakukatia mshipi, hivyo weka kipande cha waya mbele. Kaa mbali na matumbawe. Jigi la zamani likikwama hulipati tena dukani.

*Juma wa Tacoma: Nimenasa samoni aina ya Chinook, nikaambiwa nimrudishe. Kwa nini?*

Chinook wa Puget Sound waliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1999. Wengi wanaofugwa vitotoleoni hukatwa pezi dogo la mgongoni lililo karibu na mkia. Sehemu nyingi, mwenye pezi hilo zima huhesabiwa kuwa wa asili, naye hurudishwa. Usimpandishe botini. Mwache majini, shika shina la ndoano kwa koleo, ligeuze juu chini. Ndoano isiyo na kijino itatoka yenyewe.