Kumtafutia kijana utambuzi na tiba ya BPD nchini Kenya: wapi pa kuanzia, nini cha kubeba

Kinachopotezea familia miezi mingi ni kufika kwa daktari wa akili mikono mitupu. Siku hiyo kijana ametulia, mzazi anasema tu "ana hasira sana", nje kuna foleni ndefu, na mnaondoka na dawa za sonona au baipola. Tatizo la haiba la bodalaini, ambalo kwenye faili huandikwa BPD, halionekani kwa kumtazama mtu dakika kumi na tano. Linatambuliwa kwa mwenendo wa muda mrefu, na anayeujua mwenendo huo ni wewe unayeishi naye.

Kwa hiyo anza na daftari. Kwa wiki nne andika kila tukio: tarehe, saa lilipoanza, kilichotangulia (rafiki hakujibu ujumbe, mwalimu alimkemea, ulichelewa kurudi), alichosema na kufanya, lilichukua muda gani na kilichomtuliza. Usisahau kuandika muda. Hisia za mwenye BPD hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na mara nyingi huchochewa na hofu ya kuachwa au kukataliwa. Mania ya baipola, yaani kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, huenda kwa siku, kwa kawaida wiki nzima au zaidi, na mgonjwa hulala kidogo sana bila kuchoka. Bila saa hizo daktari hana cha kumsaidia kutenganisha mawili hayo, na ndipo kijana anapomeza dawa zisizomhusu. Andika pia usingizi, siku za hedhi, pombe, bangi, na ndugu wa damu waliowahi kuugua akili. Mwambie kijana kwamba unaandika, na umwombe aandike upande wake. Akigundua daftari la siri, atafunga mdomo hata mbele ya daktari.

Kisha barua ya rufaa. Anzeni hospitali ya ngazi ya 4 au ya 5 iliyo karibu, na muombe vipimo vya damu hapohapo: upungufu wa damu na tezi ya thairoidi. Msipovifanya, daktari wa akili anaweza kuwarudisha mkavifanye kwanza, na hiyo ni nauli mara mbili. Soma barua kabla ya kuondoka. Ikiandikwa "mabadiliko ya tabia" peke yake, mnaweza kuwekwa kwenye foleni ya kawaida. Kama kijana amewahi kujidhuru au kusema anataka kufa, omba iandikwe waziwazi, pamoja na ombi la tathmini kamili ya afya ya akili.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, hakikisha mapema kwa *147# kwamba michango yako imelipwa na kwamba mtoto ameorodheshwa kama mtegemezi wako. Beba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Uliza pia ni huduma zipi za akili zinazolipiwa katika hospitali mnayokwenda, maana ushauri nasaha wa kila wiki huenda ukaulipia mwenyewe.

Hospitali za rufaa za taifa zenye idara ya akili ni Mathari na Kenyatta jijini Nairobi, na Moi mjini Eldoret. Piga simu kwanza uulize kliniki ya watoto na vijana iko siku gani.

Ndani ya chumba, mpe daktari daftari, kisha omba kijana azungumze naye peke yake. Kuna mambo hatayasema ukiwa umeketi pembeni. Mwongozo wa DSM-5, ambao madaktari hutumia kutambua magonjwa ya akili, una dalili tisa za BPD, na zinatakiwa angalau tano; kwa aliye chini ya miaka 18 ziwe zimedumu mwaka mmoja au zaidi. Baadhi ya madaktari hukataa kabisa kuandika jina hili kwa kijana, wakihofia litamfuata maishani. Usibishane naye juu ya jina. Muombe aandike dalili alizoziona, kiwango cha hatari na mpango wa tiba, kwa sababu tiba inaweza kuanza bila jina.

Tiba yenyewe ni ya mazungumzo. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa BPD; dawa hutolewa kwa yanayoambatana nayo, kama sonona au wasiwasi. Tafuta mwanasaikolojia aliyefunzwa tiba ya kitabia ya kidialektiki, yaani DBT, na umuulize hivi: umefunzwa DBT ya vijana? Kuna kikundi cha kujifunza stadi za kumudu hisia? Wazazi wanahudhuria? Usiku kukitokea hatari tunampigia nani? Akisema wazazi hawahitajiki, endelea kutafuta, kwani DBT ya vijana huwafundisha wazazi stadi zilezile anazojifunza mtoto.

Wakati mnasubiri, fungieni kwa kufuli dawa zote na sumu za shambani, leo hii, si baada ya miadi. Hatari ikitokea, nendeni kitengo cha dharura cha hospitali yoyote. Simu za bure ni 1199 ya Msalaba Mwekundu na 116 ya watoto. Msijizuie kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Shuleni barua ya daktari haihitaji kutaja ugonjwa. Inatosha iombe mwalimu mmoja wa kumwendea, ruhusa ya kutoka darasani anapozidiwa, na kwa wa bweni, dawa zikae kwa matroni na aruhusiwe kupiga simu nyumbani.

Akikaribia miaka 18 atahamishiwa kliniki ya watu wazima, na faili mara nyingi hubaki nyuma. Omba muhtasari wenye sahihi na mhuri miezi mitatu kabla, utoe nakala mbili, moja abaki nayo yeye.