Kukadiria thamani ya santuri: soma kwanza pete iliyo karibu na lebo

Santuri mbili zenye jalada lilelile na nyimbo zilezile zinaweza kupishana thamani mara kumi. Uzee peke yake hauipandishi bei. Kinachoipandisha ni toleo lipi hasa unalo, na liko katika hali gani.

1. Safisha

Brashi ya nyuzi za kaboni inatosha kwa vumbi. Zile za mizunguko 78 kwa dakika nyingi ni za sheliaki, si vinili: usizipake spiriti, zitayeyuka.

2. Tambua toleo

Namba ya katalogi kwenye jalada haitoshi, maana kampuni huirudia katika matoleo ya baadaye. Jalada nalo hubadilishwa; santuri ya 1980 huvalishwa jalada la 1965. Ushahidi uko kwenye santuri yenyewe, katika ile pete laini isiyo na muziki kati ya wimbo wa mwisho na lebo.

Ishike kwa kingo, iinamishe chini ya taa ya mezani, kisha izungushe taratibu mpaka herufi zing'ae. Taa ya dari haifai, mwanga wake umetawanyika. Andika kila unachokiona pande zote mbili, hata alama unayodhani ni mkwaruzo, na utenganishe kilichochorwa kwa mkono na kilichopigwa kwa muhuri.

Chukua santuri za Blue Note, kampuni ya Marekani ya muziki wa jazi. Kialama kinachofanana na sikio ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichozichapa hadi 1966. Herufi RVG humtaja Rudy Van Gelder, fundi aliyekata sahani mama (ile ya kwanza, ambayo nakala zote hutokana nayo), lakini hazithibitishi toleo la kwanza: sahani zake ziliendelea kutumika hata baada ya kampuni kuuzwa. Ukiambiwa santuri ni ya 1960 na sikio halipo, usilipe bei ya toleo la kwanza.

Angalia pia msimbopau. Jalada lenye msimbopau si la miaka ya 1960, hata lebo ikiwa na sura ya kizamani.

Mwishowe linganisha maandishi yako na orodha ya Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya santuri, herufi kwa herufi. Herufi moja ikitofautiana, huenda unashika toleo jingine kabisa.

3. Pima hali

Tumia madaraja ya Goldmine, jarida la Marekani la wakusanyaji santuri: NM ni karibu mpya, VG+ ni nzuri sana na zaidi, VG ni nzuri sana. Ikiwa bei ya NM ni 100, VG+ ni kama 50, na VG ni 25. Mkwaruzo unaonasa ukucha kwa kawaida husikika. Ila usipange daraja kwa macho tu: mifereji iliyolika kwa sindano nzito inaweza kung'aa vizuri huku sauti ikikwaruza. Sikiliza wimbo wa mwisho wa kila upande, kwani karibu na lebo ndiko sauti huharibika mapema.

4. Bei

Tazama bei zilizolipwa, si zinazoombwa. Chukua ile ya katikati, kwa toleo hilohilo na daraja hilohilo.

5. Hifadhi

Zisimamishe wima, mbali na jua. Bahasha za PVC laini ziondoe leo, kwa sababu huacha ukungu juu ya vinili usiofutika; polietilini ni bora zaidi. Na usiuze santuri kwa kuwa tayari umeinakili kwenye CD ya kuchoma: rangi inayobeba data hufifia, na kanda nazo gundi yake huharibiwa na unyevu. Vinili iliyotunzwa huzishinda zote mbili.