Jinsi Msimamizi wa Wodi Anavyoweza Kulinda Afya ya Akili ya Wauguzi Wakati wa Janga

Anza na ratiba ya zamu kabla ya maneno ya faraja. UVIKO-19 ilipoingia Kenya na Tanzania mwezi Machi 2020, wahudumu wa afya walisifiwa kuwa mashujaa, na naamini sifa hiyo, ingawa ilitolewa kwa moyo mwema, iliwafunga wengi midomo, kwa kuwa aliyeitwa shujaa huona haya kukiri kwamba hapati usingizi. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri wafanyakazi wazungushwe kati ya kazi nzito na nyepesi, na wageni wa kazi wafuatane na wazoefu. Kwa hiyo, muuguzi aliyeelemewa katika wodi ya kutengwa mhamishie kwa muda kliniki ya chanjo, naye ajue mapema tarehe ya kwenda na ya kurudi, asije akadhani ameadhibiwa.

Wapange wawili wawili. Kila mmoja akague vifaa vya kujikinga vya mwenzake kabla hawajaingia kwa wagonjwa, na papo hapo amwulize kama amekula, kama amelala, na hali ya nyumbani ikoje, maana wengi walihofia kuwapelekea ugonjwa watoto na wazazi wao kuliko walivyohofia kuugua wenyewe.

Mgonjwa anapofariki bila ndugu kuruhusiwa kumkaribia, muuguzi aliyemshika mkono hubaki na msiba usio na matanga. Usimwite kwenye kikao cha kumtaka asimulie yote yaliyotokea. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vikao vya namna hiyo kama kinga ya msongo unaofuata kiwewe. Mpe pole, mtafutie mahali patulivu, msikilize akitaka kusema, na ukiweza mruhusu aondoke mapema.

Uchovu usiokwisha hata baada ya mapumziko, ubaridi kwa wagonjwa aliokuwa akiwajali, na kuona kwamba kazi yake haina maana ni dalili za kuchakaa kwa sababu ya kazi, wala si uvivu. Punguza zamu zake za usiku.

Ukisikia anataja kifo chake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, na afikishwe siku hiyohiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili, ikibidi katika kituo kingine ambako hatatibiwa na wenzake. Jina lake lisitajwe wakati wa kukabidhiana zamu.