Dhahabu ya kusugua kama ya mafundi wa Siena: hatua kwa hatua, na pale pa kupotezea siku nzima

Juzi nimemaliza kumsaidia binti wa rafiki yangu, anasoma sanaa hapa Firenze, kapewa kazi ya shule aigize kichwa cha malaika Gabrieli wa Simone Martini, mchoraji wa zamani wa Siena, toka ile picha ya Maria Kupashwa Habari ya mwaka 1333 iliyoko kwenye makumbusho ya Uffizi. Kaja karakana na kopo la rangi ya dhahabu ya kupuliza. Nikamwambia mwanangu hiyo kapulizie geti. Akacheka, akasema "sasa anko nifanyeje na naikabidhi wiki mbili zijazo?" Ndo tukaanza.

Mi kazi yangu ni fremu, dhahabu naipaka karibu kila wiki, kwa hiyo kuna vitu nitaviruka bila kujua, mnisamehe. Na kama hujawahi kuziona hizi picha kwa macho, jua kwamba ile dhahabu ya nyuma ya watakatifu sio rangi. Ni dhahabu yenyewe, iliyopigwa nyundo mpaka ikawa nyembamba kuliko kitu chochote utakachowahi kushika, ikalazwa juu ya udongo mwekundu ikasuguliwa na jiwe. Mchoraji Duccio alivyomaliza ile Maestà yake, picha kubwa ya Maria kwenye kiti cha enzi, mwaka 1311, baada ya karibu miaka mitatu, watu wa Siena waliibeba kwa maandamano toka karakana mpaka kanisa kuu. Ukisimama mbele yake leo ukisogea hatua moja kushoto inawaka, ukirudi kulia inakuwa giza. Kopo la kupuliza haliwezi hiyo.

Hatua ya 1: ubao

Wataliano walitumia mbao za mti wa mpopla, watu wa kaskazini huko Flanders walitumia mwaloni. Wewe tumia plaiwudi nzuri ya milimita 18, haijipindi hovyo. Gandisha kitani cha zamani juu yake kwa gundi ya hatua ya 2, acha kikauke. Basi.

Hatua ya 2: gundi

Gundi ya ngozi ya sungura, ile ya chembechembe. Gramu 80 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, asubuhi pasha kwa sufuria ndani ya sufuria ya maji ya moto. ISICHEMKE. Ikichemka inakufa nguvu na hutajua mpaka siku ya mwisho wakati kila kitu kinabanduka. Kuipima, weka kidogo kwenye friji, ikiganda itetemeke kama jeli na ukiipasua kwa kidole ipasuke, isivutike kama ulimbo. Inanuka, ndiyo. Ikianza kunuka zaidi ya kawaida baada ya siku tatu nne, mwaga.

Hatua ya 3: jeso

Jeso ni lile tabaka jeupe linalopakwa juu ya ubao kabla ya dhahabu na rangi. Hapa nina ugomvi na watu. Ile jeso ya ndoo inayouzwa madukani, ya akriliki, ni plastiki. Kwa turubai sina neno nayo, ila kwa dhahabu ya kusugua haifai hata kidogo, manake jiwe linahitaji kitu kinachokubali kubonyea kidogo na kunyonya maji, plastiki haifanyi hivyo. Usije ukaniambia fulani kafanya ikatoka. Haijatoka, imeng'aa tu kwa picha ya simu.

Mafundi wa zamani wa huku walikuwa na jeso mbili, ya jasi nene kwanza afu ya jasi laini juu. Hiyo laini waliiloweka kwenye maji mengi karibu mwezi mzima wakiikoroga kila siku ili isigande kama saruji. Cennino Cennini, aliyeandika maelekezo ya ufundi huu kwenye mwaka 1400 hivi, yeye alijifunza kwa Agnolo Gaddi, ambaye alijifunza kwa baba yake Taddeo, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Giotto, yule mchoraji mkubwa wa Firenze, kwa hiyo sio mtu wa kubisha naye, anasema hivyo hivyo. Lakini mi sina mwezi, natumia chaki ya unga kama walivyofanya kaskazini na sijawahi kujuta.

Chekecha chaki kwenye gundi ya vuguvugu, iache izame yenyewe mpaka ianze kutokeza juu kama kisiwa kidogo, afu koroga taratibu sana bila kuinua mwiko. Ukiipiga kama unapiga mayai ya chapati unaingiza hewa, na kila povu litakuwa kitundu, na kila kitundu utakiona chini ya dhahabu milele. Tabaka la kwanza lipake kwa kulisugua na kidole. Baada ya hapo tabaka nane kwa brashi, moja kwenda wima, linalofuata kwenda mlalo, siku moja zote, kila moja likipoteza ule mng'ao wa maji ndo unaweka jingine. Usiongeze nguvu ya gundi njiani, tabaka la juu likiwa kali kuliko la chini linapasuka kama ardhi ya kiangazi.

Acha siku mbili. Piga msasa mkavu, namba 240 afu 400 afu 600, mpaka ukipitisha kucha usisikie kitu. Vaa barakoa, lile vumbi ni baya.

Hatua ya 4: mchoro

Chora kwa mkaa, afu mpaka kati ya dhahabu na rangi ukwaruze na sindano. Usipokwaruza, ukishalaza dhahabu hutajua shingo ya malaika inaishia wapi.

Hatua ya 5: bolo

Udongo mwekundu laini kama siagi, unauzwa umeshasagwa. Changanya na ile gundi uliyoipunguza nguvu kwa maji, nusu kwa nusu, iwe kama maziwa mazito. Tabaka tano nyembamba. Ikikauka isugue na kitambaa kikavu mpaka ianze kuwaka yenyewe. Bolo isiyowaka haitazaa dhahabu inayowaka.

Hatua ya 6: dhahabu (kaa chini)

Nunua kijitabu cha karati 23, kina karatasi 25 za sentimita 8 kwa 8. Usinunue ile ya kuiga ya shaba ukajidanganya, inakuwa nyeusi na haisuguliki. Cennini analalamika kwamba wafua dhahabu walikuwa wanatoa karatasi 145 kwenye sarafu moja ya dukati wakati zinatakiwa 100, na dukati ni kama gramu tatu na nusu tu. Ya siku hizi ni nyembamba zaidi ya hapo, ndo maana kwenye duara la nuru, lile la kuzunguka kichwa cha mtakatifu, mi nalaza mara mbili.

Funga madirisha. Zima feni. Mwambie kila mtu asifungue mlango. Karatasi iweke kwenye mto wa ngozi, ikate kwa kisu kisicho na makali sana, iokote kwa ile brashi pana bapa uliyoipitisha shavuni kwanza ipate mafuta kidogo.

Maji ya kulazia, sehemu tatu maji moja vodka, na matone machache ya gundi. Lowesha sehemu ndogo ya bolo mpaka maji yasimame, leta dhahabu karibu, itarukia yenyewe. Inayofuata ipande juu ya ya kwanza milimita tatu hivi. Maji yasipite juu ya dhahabu iliyokwisha lala, yataacha doa. Palipobaki mpasuko usipaloweshe tena, pahemee. Yaani fungua mdomo wote, toa pumzi ya moto toka kifuani, "haaa", kama unavyofuta miwani. Sio "fuu". Binti alifanya "fuu" nikaona karatasi yangu inapanda dari.

Sasa kusubiri. Hapa ndo pale pa kupotezea siku nzima.

Mara ya kwanza alisubiri nusu saa, akaona imekauka, akachukua jiwe la akiki (akiki ile ile ya pete, ila hii imechongwa kama jino la mbwa, na zamani walitumia hata meno ya mbwa kweli). Akasugua mara mbili, dhahabu ikatoka vipande pamoja na bolo na jeso kidogo. Mara ya pili akaogopa, akaiacha mpaka kesho yake na hita ya chumba inawaka usiku kucha. Jiwe likawa linateleza tu, dhahabu imelala vilevile kama unga, imepauka, na kadiri alivyokandamiza ndo ilivyokwaruzika. Mi mwenyewe mwaka wa kwanza niliharibu fremu nzima ya mteja hivyo hivyo, nimeenda kula nimerudi baada ya saa mbili ilhali ni Julai na bati la karakana linachoma, nikakuta imekauka kama mfupa. Nilikwangua siku nzima sikusema na mtu.

Kwa hiyo usiniulize "masaa mangapi". Julai inaweza kuwa saa moja na kitu. Novemba mvua ikinyesha inaweza kuwa matano, na kwenye kona ambazo maji yalituama ni zaidi, kwa hiyo ubao mmoja unakuwa na sehemu mbili au tatu zinazoiva tofauti, na unaanza na zilizoiva sio unapoona panapendeza. Sikiliza badala ya kuangalia saa. Gonga polepole na jiwe lenyewe. Ikiwa bado bichi inatoa sauti iliyoziba, dup dup, kama unagonga kwenye embe. Ikiiva inalia tik tik, kama kioo. Ikishalia kioo, jaribu pembeni kabisa pasipoonekana, jiwe bila kulikandamiza, kama uzito wa jiwe lenyewe. Likiteleza na pakaanza kuwaka, endelea. Likishika shika hata kidogo, acha, rudi baada ya dakika ishirini. Jiwe liwe safi, lipashe moto kwa kulisugua kwenye kitambaa, chembe moja ya mchanga inachora mstari usiofutika.

Na ikipita wakati? Haijafa. Weka ubao kwenye boksi lililofungwa na kitambaa kibichi ndani, kisiguse dhahabu, uangalie kila baada ya robo saa. Mi imeniokoa mara nyingi, sio zote. Kupahemea pia kunasaidia pakiwa padogo.

Utajua umefika ukiona dhahabu inakuwa kama nyeusi. Watu wanadhani wameiharibu. Hapana, imekuwa kioo, inaonyesha giza la chumba. Sogeza taa uone.

Hatua ya 7: mihuri

Siku hiyo hiyo jeso ikiwa bado ina unyevu kidogo, bonyeza yale maua na vidoti vya kwenye duara la nuru. Simone alikuwa bingwa wa haya, alikuwa na mihuri ya maumbo mbalimbali. Sisi tulitumia peni iliyoisha wino na msumari uliolainishwa ncha. Bonyeza, usipige nyundo. Maneno yanayotoka kinywani mwa malaika kwenda kwa Maria kwenye ile picha yamenyanyuka kwa jeso kabla ya dhahabu, hayo tuliyaacha, tuna wiki mbili tu.

Hatua ya 8: rangi ya yai

Dhahabu kwanza, rangi baadaye, manake dhahabu inanata kwenye rangi. Tenga kiini, kizungushe viganjani mpaka ute uishe, kishike kwa ile ngozi yake, kitoboe, ngozi tupa. Maji kiasi sawa na kiini. Changanya na rangi ya unga iliyosagwa kwa maji. Inakauka hapo hapo, kwa hiyo usijaribu kuipaka kama mafuta, chora vistari vyembamba vingi sana vya kupitana. Uso unaanza na udongo wa kijani, waridi linakuja juu, ndo maana nyuso nyingi za zamani leo zina ukijani, waridi limechakaa limebaki la chini. Cennini anataka kiini cha kuku wa mjini kwa nyuso za vijana kwa sababu kimepauka, na cha kuku wa shamba kwa wazee. Sisi tulitumia mayai ya supamaketi. Rangi za risasi na zebaki achana nazo, nyeupe ya titani inatosha.

Tawi la mkononi mwa malaika ni mzeituni, binti alikuwa keshaanza kuchora yungiyungi. Yungiyungi lilikuwa alama ya Firenze, na Simone ni mtu wa Siena, mji hasimu wa Firenze.

Hatua ya 9: baada ya hapo

Usipake vanishi juu ya dhahabu iliyosuguliwa, unaua mng'ao wote. Rangi ya yai iache miezi kadhaa ndo inakomaa. Na maji yasiguse kabisa, gundi yote hapo chini inayeyuka. Binti kapata maksi zake kaipeleka nyumbani, mama yake akataka kuipangusa vumbi na kitambaa kibichi, kanipigia simu anko anko huku anamvuta mkono. Brashi laini, kavu, mara moja kwa mwaka.